Mkate wa ndizi laini usiokauka, ninavyooka mimi hapa Moshi kwa oveni au kwa jiko la mkaa

Huku kwetu ndizi haziishagi nyumbani. Ukienda kumsalimia bibi Marangu unarudi na chane mbili tatu kwenye mfuko hata kama hujaomba, ukipita soko la Mbuyuni jioni wamama wanakupunguzia zile zilizolainika ili wasirudi nazo, basi zinakaa jikoni siku nne zinaanza madoa, siku ya sita nyeusi, na hapo ndo wengi wanazitoa nje kwa nguruwe. Mi mwenyewe nilikua hivohivo. Siku hizi zikiwa nyeusi ndo nafurahi maana najua kesho kuna mkate.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mbona wangu unakua mkavu, unakaba, mpaka usindikize na chai kila tonge? Nimeangalia watu wengi wanavyooka na mara nyingi kosa sio resipi, ni woga. Mtu anaogopa ndizi nyeusi, anachukua ya njano nzuri ya kula. Anaona mchanganyiko umelegea anaogopa, anaongeza unga. Muda ukifika anaogopa haujaiva ndani, anauacha nusu saa nyingine. Mkate wangu wa kwanza niliogopa vyote hivyo kwa siku moja, niliongeza unga karibu kikombe kizima na nikauacha motoni saa moja na nusu, ukatoka unapukutika kama udongo wa kiangazi na nilikua nimealika wageni. Niliumia sana ile siku, ndo maana nataka wewe usipite hukohuko.

Ndizi kwanza, maana kila kitu kipo hapa

Natumia kisukari au mtwike. Kisukari ni zile ndogo tamu zenye ganda jembamba, mtwike ni zile ndefu kubwa. Zote zinafaa ila idadi haifanani, kwahiyo resipi inayosema tu "ndizi nne" inawapoteza watu, nne za mtwike na nne za kisukari ni vitu viwili tofauti kabisa. We ponda kwanza alafu pima kwa kikombe: kikombe kimoja na nusu, kwa mizani ni gramu 350 mpaka 400. Mtwike kubwa zitatosha 3 au 4, kisukari andaa 7 au 8, kama ni zile ndogo sana ongeza. Mshare, zile za kupika, ziache ziende kwenye mtori. Mzuzu nayo hata ikiiva ina wanga mwingi bado, mkate unakua mzito, hiyo kaanga.

Sasa kuiva. Ndizi mbichi wanga wake unakaribia robo ya uzito wa nyama yake, na kadri inavyoiva ule wanga unageuka sukari mpaka unabaki kidogo sana. Sukari inashika maji, wanga unayanywa. Ukiweka ndizi ya njano safi isiyo na doa umeongeza wanga kwenye unga ambao tayari ni wanga, alafu unashangaa mkavu. Unataka ndizi ambayo ganda limejaa madoa meusi au limekua jeusi lote, ukiibonyeza inaingia kidole, ndani ina rangi ya krimu iliyokolea na inang'aa kama imepakwa asali. Usiogope ule weusi wa nje. Inayotakiwa kuogopwa ni ile yenye ukungu, au inayovuja maji na kunuka kama mbege (pombe yetu ya ndizi) iliyoanza kuchacha, hiyo hata mimi natupa.

Kama zako bado, zivundike. Bibi alikua anavundika ndizi za mbege darini juu ya mafiga, anazifunika majani makavu ya mgomba, joto la jikoni linafanya kazi. Ndizi ikiiva inatoa hewa inaitwa ethilini, na hiyo hewa ndo inaivisha na wenzake, kwahiyo kinachofanyika pale darini ni kuifungia isitoke. Mjini huna dari la hivo lakini una mfuko wa karatasi, tia ndizi zako na moja iliyoiva tayari au parachichi lililoiva, funga, weka mahali penye joto, siku mbili tatu utaona. Mwezi wa saba kwenye baridi, hasa Arusha, itachukua zaidi, vumilia tu. Kuna njia ya haraka ya kuziweka ndizi na maganda yake kwenye oveni dakika 15 hadi 20 mpaka ganda liwe jeusi, inalainisha kweli ila utamu sio uleule, ukifanya hivo ongeza sukari kijiko kimoja cha chakula.

Na zikiiva siku ambayo huna muda, menya tia friza kwenye mfuko. Ukizitoa zitayeyuka na kutoa maji ya kahawia, usiyamwage! Ndo utamu wenyewe uliotoka, mimina yote kwenye bakuli na upime pamoja.

Vitu vingine

Kikombe changu ni cha mililita 250, na kijiko ninachosema ni sawasawa na ukingo, sio cha kurundika.

Unga wa ngano wa kawaida, gramu 250 (vikombe 2, uchote kwa kijiko ukimwagia kwenye kikombe, usiuchote kwa kikombe chenyewe na kuushindilia)
Sukari gramu 150, robo tatu ya kikombe
Mafuta ya kula nusu kikombe, mi natumia ya alizeti
Mayai 2
Mtindi vijiko vya chakula 4
Bekingi soda kijiko cha chai 1
Chumvi nusu kijiko cha chai
Mdalasini kijiko cha chai 1, iliki ya kusaga kidogo ukipenda, vanila kama ipo

Hapo kwenye unga naomba usikie vizuri. Kikombe kilichoshindiliwa kinaweza kubeba gramu 150 au zaidi badala ya 125, kwa vikombe viwili umeshaongeza gramu 50 bila kujua, na huo mkate hata ungekua na ndizi za peponi utakauka. Kama unaweza kununua kamizani kadogo ka jikoni nunua, kanasaidia kuliko mashine ya kukorogea.

Mafuta badala ya siagi ni kwa makusudi. Siagi ina ladha nzuri siikatai, ila ikipoa inaganda, na asubuhi za huku ni baridi, mkate unakua mgumu mdomoni hata kama maji yapo ndani. Mafuta ya maji hayagandi hivo, kesho yake unakuta bado laini. Ukitaka ladha ya siagi weka nusu kwa nusu.

Bekingi soda ndo inachanganya watu sana dukani. Ukifika kwa Mangi ukasema tu "nipe ya kuumulia" utapewa hamira, na hamira ni ya maandazi na mikate ya kuumua, hapa haina kazi. Magadi ya kupikia maharage nayo sio, usijaribu. Sema bekingi soda, soma na pakiti. Soda inahitaji uchachu ili itoe hewa, ndizi zina uchachu kidogo na mtindi unaongeza, ndo maana mtindi upo hapo na pia unaleta ulaini. Soda ikizidi mkate unakua na ladha ya sabuni, kwahiyo usiongeze ukidhani utapanda zaidi. Kama imekaa kabatini muda mrefu weka kidogo kwenye kijiko kamulia ndimu, ikitoa povu la haraka ni nzima. Kama una bekingi pauda tu, weka vijiko vya chai 2 na nusu badala ya soda, mkate utakua mweupe zaidi lakini utaliwa.

Kuchanganya

Washa oveni kabla hujashika kitu kingine, nyuzi 170 hadi 175. Pakaa mafuta chombo cha kuokea, kile kirefu cha bati cha inchi 9 kwa 5, weka karatasi ya kuokea chini. Huna karatasi? Chukua jani la mgomba, toa ule uti wa katikati, lipitishe juu ya moto mpaka ling'ae na kulegea, futa, kata saizi ya chombo, pakaa mafuta. Halishiki mkate hata kidogo na linaacha harufu nzuri mno, mi nikiwa na jani hata karatasi siigusi.

Ponda ndizi kwa uma au mwiko. Blenda sipendi, inafanya kama juisi na mkate unakua wa kunata, tena vile vibonge vidogo vidogo vinavyobaki ndo ukikata unakutana navyo vitamu. Tia sukari, mafuta, mayai, mtindi, vanila, koroga vizuri hapa, hapa koroga unavyotaka hakuna shida. Bakuli lingine chekecha unga, soda, chumvi na mdalasini.

Mimina vikavu kwenye vya maji. Kuanzia sekunde hii mkono uwe mwepesi. Unga wa ngano ukikutana na maji ukakorogwa unatengeneza zile nyuzi za kuvutika, kwenye chapati unazitaka ndo maana tunakanda, kwenye mkate huu huzitaki, zinaufanya uwe mgumu na wenye mashimo marefu kama handaki. Chukua mwiko, kunja kutoka chini kuja juu, mara 12 au 15 hivi, ukiona hakuna unga mkavu acha. Vibonge vidogo vipo? Viache. Mchanganyiko utakua mzito kama uji wa lishe uliopoa, unadondoka kwenye mwiko kwa mabonge sio kwa kutiririka. Hapo ndo pale mtu anapoogopa na kuongeza unga, usiongeze. Ukitaka karanga za kukaanga au korosho zilizopondwa tia sasa, nusu kikombe inatosha.

Mimina kwenye chombo na uweke motoni palepale, soda imeshaanza kazi toka ilipokutana na mtindi, ukiuacha mezani uende kuongea na jirani hewa yote inaisha.

Kwenye oveni, na kwenye sufuria

Oveni ni rahisi, raki ya katikati, dakika 55 mpaka 65. Usifungue mlango kabla ya dakika 40. Ukiona juu umekua kahawia mapema funika na foili bila kubana, alafu endelea. Ufa katikati ni kawaida, usijilaumu.

Lakini wengi hatuna oveni, au ipo na umeme wa LUKU unauonea huruma, kwahiyo sufuria. Mikate yangu mingi na mizuri zaidi nimeoka hivi. Tafuta sufuria kubwa nzito yenye mfuniko bapa, ile ambayo chombo chako kinaingia na kubaki nafasi pembeni ili joto lizunguke, kama hakiingii tumia chombo cha mduara au sufuria ndogo isiyo na mikono. Chini mwaga mchanga mkavu safi sentimita 2 au 3, mchanga unasambaza joto ili chini kusiungue, juu ya mchanga weka vijiwe vitatu vya kukalia chombo. Funika, weka jikoni upashe dakika 10 hadi 15.

Kujua joto limefika, weka kipande cha karatasi nyeupe juu ya vile vijiwe, funika, subiri dakika 5. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa uko sawa. Ikitoka kahawia nzito punguza makaa, ikiwa bado nyeupe ongeza. Usimwage mchanganyiko kwa kubahatisha.

Makaa mengi yawe juu ya mfuniko, chini machache. Mi naweka kama theluthi moja chini na theluthi mbili juu, maana joto linapanda lenyewe na mkate wa sufuria huungua chini kwanza. Baada ya nusu saa makaa ya juu yanakua yamefifia, ongeza machache yaliyowaka tayari, usiweke mkaa mbichi. Muda ni uleule saa moja hivi, wakati mwingine dakika 50. Na tafadhali fanya hii nje au kibarazani penye hewa, moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu, usiingize jiko ndani ufunge madirisha kisa baridi, watu wamepoteza maisha kwa hilo.

Kama uko Arusha au juu mlimani

Hii sikuijua mpaka dada yangu anayekaa Sakina, Arusha, aliponipigia. "Mdogo wangu, umepanda vizuri kabisa alafu ukazama katikati, nimefanya kila ulichosema." Na kweli alikua amefanya. Tatizo ni mwinuko. Moshi mjini tupo kama mita 800 hadi 900 hivi juu ya usawa wa bahari, Arusha mjini ni kama mita 1,400. Kadri unavyopanda hewa inakua nyepesi, ile hewa ya soda inatanuka kwa nguvu na haraka, mkate unapanda kabla haujashikamana, alafu unashindwa kujibeba unaanguka. Maji nayo yanachemka mapema, Arusha ni karibu nyuzi 95 badala ya 100, kwahiyo yanatoka haraka zaidi na mkate unakauka.

Kwa Arusha, Marangu ya juu, Kibosho na huko, punguza soda iwe robo tatu ya kijiko cha chai, toa kijiko kimoja cha chakula cha sukari, ongeza mtindi kijiko kimoja au viwili. Moto panda kidogo, nyuzi 180, ili ushikamane mapema, na anza kuangalia dakika ya 50. Dada alifanya hivo wiki iliyofuata akanitumia picha, umesimama.

Kuepua

Hapa ndo mikate mingi inafia. Chukua kijiti cha mshikaki, choma katikati kabisa. Kikitoka na rojo bichi linalong'aa rudisha dakika 5, angalia tena. Kikitoka na punje punje chache zenye unyevu zilizoshika, epua. Sasa hivi, sio baada ya dakika kumi za uhakika. Ukisubiri kijiti kitoke kikavu kabisa kama unavyofanya kwenye keki ya kawaida umechelewa, maana mkate unaendelea kuiva kwa joto lake wenyewe ukiwa kwenye chombo. Angalizo, kuna wakati kijiti kinapita kwenye kibonge cha ndizi na kutoka na utelezi ukadhani ni bichi, kwahiyo choma sehemu mbili. Bonyeza na kidole juu pia, ukirudi taratibu umeiva.

Uache kwenye chombo dakika 10, alafu utoe uweke kwenye waya au juu ya ungo. Usiuache kwenye chombo mpaka upoe, mvuke unarudi chini kitako kinalowa.

Usikate ukiwa wa moto. Najua harufu inavyosumbua na watoto wameshasimama na visahani, mimi wangu huwa nawapa ndizi moja waniache. Mkate wa moto ukikatwa unatoa mvuke wote, na huo mvuke ni ule unyevu uliouhangaikia toka asubuhi. Subiri saa moja angalau. Na kama unaweza, ukiwa umebaki na uvuguvugu wa mbali tu uzungushie nailoni au foili ulale mpaka kesho. Unyevu wa katikati unasambaa mpaka kwenye ganda, ndizi inakolea, kesho yake ni mkate mwingine kabisa. Wa kupeleka kwa mtu naoka siku moja kabla, siku zote.

Nilipompelekea bibi nilikua na wasiwasi maana meno yamebaki machache na mikate ya dukani alishaacha. Nilimwamkia, akaitikia marahaba mjukuu wangu, akauliza hiki ni nini mbona kinanuka kama darini kwangu. Alikula vipande viwili na kahawa bila kuloweka. Sijawahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo.

Kutunza, weka kwenye chombo chenye mfuniko nje ya friji, siku 3, miezi ya joto hapa Moshi, mwezi wa kwanza na wa pili, usizidishe siku 2 maana ukungu unawahi. Friji ya kawaida inaukausha, wanga ulioiva ukikaa kwenye ubaridi ule unakakamaa haraka kuliko ukikaa mezani. Friza ndo sawa, kata vipande, funga kimoja kimoja, vinakaa miezi miwili mitatu, ukitaka unatoa kimoja usiku asubuhi kipo tayari. Na kipande kilichobaki pembeni kikaanza kukauka, pakaa siagi pande zote mbili, weka kwenye kikaango kikavu moto mdogo dakika mbili kila upande mpaka ile sukari ya ndizi ianze kushika rangi, kula kikiwa cha moto.